Viza ya ulinzi imekataliwa Australia: namna ya kufungua maombi mahakamani

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenyimwa viza ya ulinzi (viza ya wanaoomba hifadhi kama wakimbizi) na Idara ya uhamiaji, akaenda Administrative Review Tribunal, chombo kinachopitia upya maamuzi ya Idara (hapa tutaliita Baraza), nako akashindwa. Mlango unaofuata ni Federal Circuit and Family Court of Australia, Kitengo cha 2. Ukiruka Baraza, kwa kawaida mahakama hii haitaweza kukusikiliza.

Kwanza elewa kazi ya jaji. Hataamua kama wewe ni mkimbizi. Anachunguza tu kama Baraza lilifuata sheria lilipokuwa linaamua. Ushahidi mpya wa mateso, hata uwe mzito namna gani, hautamsaidia kwa swali hilo. Waombaji wengi wasio na wakili huangukia hapo: wanamsimulia jaji upya habari za vita na vitisho, na hakuna anayetilia shaka uchungu wao, lakini jaji hana mamlaka ya kuupima.

Hatua ya 1: hesabu siku 35

Zinaanza tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi wa Baraza, si siku uliyofungua barua pepe. Uamuzi wa 3 Machi, siku ya 35 ni 7 Aprili. Kama uamuzi ulitamkwa kwa mdomo, hesabu kuanzia siku ulipotamkwa.

Umechelewa? Omba kuongezewa muda ndani ya fomu hiyohiyo, na katika hati ya kiapo eleza kila kipindi cha kuchelewa pamoja na vielelezo vyake: cheti cha hospitali, ujumbe kutoka kwa wakala wako wa uhamiaji. Jaji atatazama maelezo yako na pia kama kesi yenyewe ina uzito. Akikataa kukuongezea muda, huna rufaa ya kawaida kwenda Federal Court, mahakama iliyo juu yake.

Hatua ya 2: kusanya kumbukumbu

Unahitaji uamuzi wote wa Baraza, kila karatasi uliyowasilisha, na rekodi ya sauti ya usikilizwaji. Iombe rekodi mapema.

Hatua ya 3: tafuta kosa la kisheria

Hapa ndipo kesi inaposimama au kuanguka, kwa hiyo itengee muda wako mwingi. Soma uamuzi aya kwa aya, kalamu mkononi, huku tamko lako (maelezo ya maandishi uliyotoa kuhusu madai yako) likiwa pembeni. Makosa yanayokubalika mara kwa mara ni haya:

- Baraza halikugusa kabisa dai ulilolitoa.
- Lilitumia dhidi yako taarifa muhimu bila kukupa nafasi ya kuijibu pale sheria inapolazimisha.
- Lilifikia hitimisho lisiloshikika kimantiki, au lilikunyima ahirisho bila sababu ya maana.
- Tafsiri ilikuwa mbovu kiasi cha kuharibu ushahidi wako.

Hili la mwisho lichunguze sana kama ulizungumza Kiswahili. Ukisema askari walikuja saa mbili usiku, na mtafsiri akasema kwa Kiingereza “two a.m.”, yaani saa nane usiku, hadithi yako itapishana na tamko lako la maandishi. Msikilizaji wa Baraza ataona unajikanganya. Lakini kuilalamikia tafsiri kwa jumla hakutoshi: taja dakika ya rekodi, ulichosema, kilichotafsiriwa, na aya ya uamuzi ambapo kosa hilo lilikuangusha. Kosa lazima liwe lingeweza kubadilisha matokeo.

Sababu dhaifu: “Baraza halikuniamini.” Sababu yenye nguvu: “Katika ukurasa wa 6 wa tamko, mwombaji alidai anatafutwa kwa uanachama wake katika chama cha upinzani. Baraza lilipima tishio la wanamgambo peke yake na halikuamua dai hilo.”

Hatua ya 4: jaza na uwasilishe

Fomu ni ya maombi chini ya Sheria ya Uhamiaji ya 1958. Mjibu maombi wa kwanza ni Waziri, wa pili ni Baraza. Ambatisha hati ya kiapo yenye nakala ya uamuzi, uiape mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Usiogope jina lako kutangazwa: sheria inazuia, na kesi itaitwa kwa herufi badala ya jina lako.

Ada kamili inazidi dola 3,000 za Australia. Mwenye dhiki aombe kupunguziwa siku hiyohiyo anapowasilisha.

Wakala wa uhamiaji asiye mwanasheria hawezi kukusimamia mahakamani. Wakili naye lazima athibitishe kwa maandishi kwamba kesi ina msingi. Akikataa kuithibitisha, muulize kwa nini na umsikilize vizuri, kwa sababu ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za Waziri, na kesi ikifika mwisho hupita dola 8,000.

Hatua ya 5: viza ya mpito

Kufungua kesi hakukupi viza. Omba Idara viza mpya ya mpito (bridging visa, ya kukaa nchini kihalali wakati shauri likiendelea) kabla ile uliyonayo haijaisha.

Hatua ya 6: baada ya kufungua

Msajili atatoa amri zenye tarehe. Mawakili wa Waziri watakutumia kitabu cha nyaraka za kesi. Kilinganishe na kumbukumbu zako, kisha urekebishe sababu zako kabla ya tarehe uliyopewa. Usipofika siku ya kesi, inaweza kufutwa.

Ukishindwa, una siku 28 za kukata rufaa Federal Court. Ukishinda, hupewi viza siku hiyo: uamuzi unafutwa na shauri linarudi Barazani kusikilizwa upya. Huko ndiko ushahidi mpya unakopokelewa, basi endelea kuukusanya wakati kesi ikiwa mahakamani.