Fjallagrös: toa uchungu kwanza

Ukiwa Iceland, au ukiiona ikiuzwa kavu kwenye duka la dawa Ujerumani, likeni hii ya kahawia iitwayo fjallagrös (likeni ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama mmea mmoja) usiitupe chunguni moja kwa moja. Ni chungu kama shubiri. Uchungu unatokana na asidi zake, na asidi hizo hupungua ukiiloweka usiku kucha kwenye maji yenye magadi kidogo. Asubuhi mwaga maji, suuza vizuri, chambua mchanga na vijiti.

Wa-Iceland huikatakata, wakaichemsha kwenye maziwa kwa moto mdogo, wakatia sukari na chumvi kidogo. Ikichemka hutoa ute mzito, ikipoa huganda. Zamani, nafaka ilipoadimika, waliichanganya na unga wa mkate ili unga ufike mbali.

Kwa kikohozi kikavu na koo linalowasha, chemsha kijiko kimoja, chuja, kunywa na asali. Ute ndio unaolainisha koo. Kifua kikuu hautibu, ingawa zamani uliaminiwa hivyo.

Usichume kandokando ya barabara, maana likeni hufyonza madini ya risasi yaliyo hewani. Ile ya rangi ya manjano kali inayoota kwenye misonobari ya Skandinavia iache kabisa: ina sumu, zamani watu wa huko walikuwa wakiitumia kuulia mbwa mwitu.