Namna ya Kumtafuta Babu Aliyezama na Meli ya Khedive Ismail

Ikiwa katika ukoo wenu, hapa Dodoma, Kongwa au Mpwapwa, husimuliwa habari za babu aliyekwenda Keya, yaani jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki (KAR), wakati wa Vita Kuu ya Pili na kumezwa na bahari kabla hajafika vitani, anzeni uchunguzi na tarehe 12 Februari 1944. Siku hiyo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo katika msafara wa meli za askari, ilipigwa kwa topido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu, na karibu watu 1,300 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia na wauguzi.

Kwanza kaeni na wazee, bila haraka. Msimuulize bibi mwaka, kwa kuwa huenda hakuuhesabu. Muulizeni kama marehemu alizaliwa kabla au baada ya njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Aliyezaliwa mara tu baada ya Mtunya alikuwa na umri wa miaka 23 hivi meli ilipozama. Ulizeni pia majina yake yote: la utoto, la ubatizo na la baba yake, kisha ombeni kuona barua au medali yoyote iliyohifadhiwa sandukuni, maana kwenye barua huenda pakawa na namba ya askari, na namba haikosewi kirahisi kama jina.

Kisha ingieni katika tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambako kutafuta ni bure. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu huandika jina kama linavyotamkwa nyumbani, ilhali karani wa jeshi aliliandika kama alivyolisikia: Chilongola huweza kuwa Jirongora, na Ng'hambi ikabaki Hambi. Kwa maoni yangu ni bora kuacha jina kabisa, mkaweka tarehe ya kifo na kikosi, kisha mkasoma orodha nzima kwa sauti mbele ya mzee mwenye masikio ya Kigogo.

Msipomwona, msihitimishe kwamba hakuwahi kuwepo. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuandikwa kwa majina, na jina lililosahauliwa laweza kuombewa kuingizwa mkiwa na ushahidi.

Mkimpata, nakilini namba ya ubao iliyo kando ya jina lake. Waliozama hawana kaburi. Wanakumbukwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki ulio ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na ndugu atakayesafiri aende na namba hiyo, apige picha ya jina lenyewe kwa karibu, si ya ukuta mzima, ili bibi aweze kulisoma.