Sanamu Ina Mgongo: Namna ya Kumwanzisha Mtoto Kufinyanga na Kuchonga

Mpe mtoto wa miaka saba bonge la udongo, mwambie atengeneze ng'ombe. Mara nyingi ataubwaga udongo mezani, ataukandamiza kwa kiganja mpaka uwe kama chapati, kisha atamchora ng'ombe juu yake kwa kijiti: kichwa kushoto, mkia kulia, miguu minne imepangana chini. Ukijaribu kumsimamisha ng'ombe huyo, anaanguka. Mtoto hajakosea, amefanya alivyozoeshwa na daftari. Tangu chekechea anachora, na mchoro una upande mmoja tu. Sanamu ina mgongo, ina ubavu, ina chini.

Nafundisha watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili hapa Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe. Karibu kila ninalowafanyisha lina lengo hilo moja, mtoto azoee kukizunguka kitu anachokitengeneza. Kazi zenyewe ni tatu: udongo, sabuni, na waya. Nakuomba uzifuate kwa mpangilio huo. Udongo ukikosea unaurudisha. Sabuni ikishakatika imekatika.

Kwanza, kutazama na kupapasa

Siku ya kwanza hatushiki udongo. Kama uko Dar, wapeleke Posta wakaione Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe. Ni ya shaba, iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Magari ni mengi, kwa hiyo msiende katikati. Simameni kwenye kona moja ya barabara, kisha ya pili, mpaka mmalize zote. Kila kona uliza swali lile lile: kutoka hapa, anafanya nini? Kwa mbele watoto husema anakuja. Kwa ubavuni wanaona mwili ulivyoinama na bunduki ilivyonyooshwa. Kwa nyuma hakuna uso, lakini bado wanajua kwamba anakwenda, na hapo ndipo waulize wamejuaje. Majibu yao kuhusu mguu na bega ndiyo somo lenyewe.

Kama uko mbali na sanamu yoyote, tia vitu vitano kwenye mfuko wa kitambaa: embe, kifuu, kufuli, kijiko, konokono wa baharini. Mtoto aingize mikono asiangalie, akieleze anachokishika bila kukitaja jina, na wenzake wabashiri.

Kazi ya kwanza: udongo

Udongo mzuri anao mfinyanzi. Kama kuna mama wa vyungu karibu nawe, nunua kwake, maana ameshauchagua na kuuchekecha. Ukiuchimba mwenyewe, wa kichuguu hufaa mara nyingi. Ujaribu hivi: viringisha kamba yenye unene wa penseli, uizungushe kidoleni. Ikijikunja bila kupasuka, umepata. Ikivunjika, aidha ni mkavu au una mchanga mwingi.

Uloweke siku mbili kwenye ndoo, ukoroge, uuchuje kwa chekeche kuondoa mawe na mizizi. Umwage juu ya kitambaa kivulini mpaka uache kunata mikononi. Kisha ukande kama unavyokanda unga wa chapati, kwa uzito wa mwili na si kwa vidole tu, ili hewa itoke. Watoto waache wakande wenyewe. Wanachafuka, ndiyo, lakini dakika hizo kumi zinawafundisha udongo una nguvu kiasi gani, jambo ambalo maneno yangu hayawezi.

Sasa kila mtoto apate bonge la kujaa viganja viwili, na kibao kidogo kilichowekwa juu ya bakuli lililofunikwa kifudifudi, ili kizunguke. Hiki kibao usikiache. Mimi nina kanuni moja: kila nikipiga kofi, wote wanageuza vibao vyao robo mzunguko na kuendelea na upande uliowajia. Mwanzoni wanalalamika, kwa sababu kofi linawakuta katikati ya jicho au pembe. Baada ya majuma mawili nasahau kupiga na wao wanageuza.

Anza na umbo la yai. Kutoka kwenye yai hilo mtoto avute kichwa, avute miguu, abonyeze shingo. Usimwache atengeneze kichwa peke yake, miguu peke yake, halafu abandike, maana vikikauka vyote vinadondoka. Pakiwa hapana budi kubandika, sikio kwa mfano, achanje sehemu zote mbili kwa uma, apake udongo uliolainishwa kwa maji mpaka uwe kama uji mzito, abane, kisha alainishe kiungo kwa kidole mpaka mstari upotee.

Binti mmoja wa miaka minane alikuwa akitengeneza kuku. Kofi likapigwa, akageuza kibao, akanyamaza. "Mwalimu, kuku wangu hana nyuma." Alikuwa ameweka mdomo, macho na kishungi, na upande wa pili palikuwa na udongo mtupu wenye alama za vidole. Sikumwambia afanye nini. Alikwenda kwa jirani kutazama kuku wa kweli, akakaa huko muda mrefu, akarudi na kumwinulia kuku wake mkia ambao hadi leo sijaona mtoto mwingine akiufinyanga hivyo, umesimama kama feni na umeinama kidogo upande mmoja.

Kabla ya kuanika, mgeuze mnyama juu chini, umchimbe tumbo kwa kijiko mpaka pasiwe na sehemu nene kuliko kidole gumba. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hili vizuri. Nilizianika kazi zote juani ili watoto wazichukue jioni, na kufika adhuhuri karibu ng'ombe wote walikuwa wamepasuka shingoni. Sehemu nyembamba hukauka na kusinyaa upesi, nene bado mbichi, na zinapovutana ndipo ufa unapotokea. Watoto walilia. Tangu siku hiyo naanika kivulini, nimefunika kwa kitambaa, na nangoja juma zima au zaidi.

Kuchoma mwachie mfinyanzi. Wengi hukubali kuziweka kazi za watoto pamoja na vyungu vyao. Usijaribu kwenye jiko la mkaa nyumbani. Udongo wenye unyevu ndani, maji yake yakigeuka mvuke, hupasuka na vipande huruka. Usipochoma si hasara. Sanamu kavu ihifadhi pasipo maji, au ivunjevunje na uiloweke, udongo urudi ndooni.

Niongeze jambo moja kwa walimu wenzangu. Wapo wazazi ambao, kwa dini yao, hawapendi mtoto afinyange kiumbe chenye roho. Waulize mapema, bila kumweka mtoto katikati. Ngalawa, embe, nyumba yenye baraza, kinu na mchi vinafundisha yale yale, na ngalawa ni ngumu kuliko ng'ombe.

Kazi ya pili: sabuni

Hapa mtoto anajifunza kuondoa, na ni fikra mpya kabisa kwake. Nunua mche wa sabuni ya kufulia, uukate vipande vya urefu wa kiganja. Chagua sabuni mpya, bado laini. Ya zamani imekauka na humeguka. Kisu hakihitajiki. Mpe mtoto kijiko, njiti za meno na kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha. Mwonye asijifikiche macho, na kama ana kidonda mkononi asubiri kipone.

Mwambie achore mnyama wake kwenye pande zote za kipande: ubavu huu, ubavu ule, mbele, nyuma, na juu. Upande wa juu ndio unaowashangaza, kwani wengi hawajawahi kufikiria kobe anaonekanaje na ndege anayepita. Baada ya hapo aondoe pembe nne za kipande kwa kijiko, kidogo kidogo, akizunguka. Macho na vidole ni vya mwisho. Mtoto anayeanza na jicho atalikata mwenyewe baadaye.

Mwelekeze kwenye maumbo yaliyojikusanya: kobe, kiboko, samaki, kuku aliyelalia mayai. Twiga wa sabuni shingo haimfikishi mwisho wa somo. Kikivunjika kitu, usikimbilie kumpa kipande kipya. Muulize, kilichobaki kinafanana na nini? Nimeona sungura aliyepoteza masikio akawa panya mzuri sana. Mwisho, alainishe kwa kidole chenye maji. Chenga zote zikusanywe kwenye kopo, ziende kufulia.

Kazi hii ikiisha, kama inawezekana, wapeleke kijiji cha wachongaji wa vinyago Mwenge. Wakishachonga sabuni wanatazama kwa macho mengine: wanamwona mchongaji akigeuza gogo kila baada ya mapigo machache ya tezo, wanacheka na kusema anapigiwa kofi. Waonyeshe mpingo, ganda lake la nje jeupe na kiini cheusi. Omba kijipande cha kiini, mkifika nyumbani mkitumbukize kwenye ndoo ya maji pamoja na kipande cha mbao ya kawaida. Mbao inaelea, mpingo unazama. Watafutie pia kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, wale watu waliopandana kuzunguka gogo moja, wazee chini na watoto juu. Waambie wakutafutie mbele yake ni wapi. Hawatakubaliana, kwa sababu kila upande una sura inayokutazama.

Kazi ya tatu: waya na takataka safi

Hapa sina mengi ya kufundisha. Watoto wetu wamekuwa wakiunda magari ya waya tangu zamani, na mara nyingi wao ndio wanaonifundisha. Toa waya laini unaokunjika kwa mkono, vifuniko vya chupa, makopo, ndala zilizokatika. Ndala akate mtu mzima, na ncha za waya zikunjwe ndani ili zisichome. Waya unaonyesha kitu ambacho udongo hauonyeshi: unaona ng'ambo, kwa hiyo mtoto anaziona pande zote kwa wakati mmoja. Mwache asumbuke kulisimamisha gari lake. Likilalia ubavu, muulize uzito umezidi wapi, usilishike wewe.

Siku ya kuonyesha

Usizipange kazi ukutani. Weka meza fupi katikati ya uwanja, inayolingana na kifua cha mtoto, ili wageni wapite kuizunguka. Kila mtoto achague mwenyewe upande gani umtangulie mgeni. Jina na tarehe ayachore chini ya sanamu kwa njiti, udongo ukiwa bado mbichi, na mzazi akitaka kuyasoma itambidi aibebe kwa mikono miwili na kuigeuza.