Jinsi ya kuandika hadithi ya vampaya ambamo binadamu ndio wanaotisha zaidi

Vampaya ni mfu wa kubuni anayeamka kunyonya damu ya walio hai. Mwongozo huu ni wa hadithi fupi ya maneno 3,000 hadi 5,000. Kwa riwaya hatua ni zile zile, ila hatua ya 4 hurefuka sana. Kabla ya sentensi ya kwanza, tafuta daftari na kikokotoo. Kikokotoo si mzaha.

Hatua ya 1: Pima njaa yake kwa lita

Wengi huanza na sura ya vampaya: meno, macho, joho. Anza na njaa. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Anayechangia damu hospitalini hutolewa mililita 450 hadi 500, akapumzika kidogo, akaondoka kwa miguu yake. Anayepoteza lita 2 kwa mkupuo yuko hatarini kufa. Hadithi yako inaishi katika nafasi hiyo, kati ya nusu lita na lita mbili.

Sasa piga hesabu. Tuseme vampaya wako anatosheka na nusu lita kwa wiki. Ukimpumzisha kila mtu wiki 12 kati ya zamu na zamu, watu 12 wenye afya wanatosha kumlisha mwaka mzima pasipo msiba hata mmoja. Kijiji kinaweza kuishi naye. Hili ndilo jambo la kwanza msomaji anapaswa kulielewa, tena mapema, kwa sababu kuanzia hapo kila anayekufa kafa kwa uamuzi wa mtu fulani.

Kisha anza kupunguza watu. Wawili wanaugua, mmoja anahama, na mtoto wa mwenyekiti anaondolewa kwenye orodha kwa kuwa ana mitihani. Wamebaki 8, zamu imekuwa kila wiki 8. Wakifika 5, ni kila wiki 5. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma yanaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo mwili unaingia deni. Usiseme “walipungukiwa damu”. Onyesha mwanamke anayesimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi, mtu anayevuta kope ya chini ya mwenzake na kukuta weupe, moyo unaodunda mbio kwa kubeba ndoo moja tu. Mhusika mmoja azione dalili hizo na anyamaze.

Hatua ya 2: Sheria tatu, na vampaya asizivunje

Chora safu mbili daftarini. Upande wa kushoto andika sheria za vampaya, zisizidi tatu. Kulia andika sheria ambazo watu wamejiwekea: watoto hawaguswi, wagonjwa hawaguswi, kila nyumba inachangia sawa. Za kushoto hazivunjwi hata mara moja. Za kulia zinavunjwa zote, moja baada ya nyingine, na kila ukiukaji una sababu inayoingia akilini.

Vampaya akifanya jambo la ghafla katikati ya hadithi, hofu yote inarudi kwake na kazi yako imebomoka. Anapaswa kutabirika kama mvua ya masika.

Ile sheria ya kale kwamba haingii mpaka akaribishwe itunze. Wengi huichukulia kama pambo, kumbe ina maana kwamba kuna mtu alifungua mlango. Jua ni nani kabla hujaanza kuandika.

Hatua ya 3: Wape watu hofu ya kweli

Wanakijiji wakatili tangu ukurasa wa kwanza hawatishi. Wanaotisha ni watu wa kawaida walioshikwa na hofu inayoeleweka, na historia imejaa mifano isiyo na vampaya hata mmoja.

Mwaka 1892, Exeter, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, kifua kikuu kilikuwa kimemuua mke wa George Brown na mabinti zake wawili. Mwanawe Edwin naye alikuwa mgonjwa. Majirani walishikilia kwamba mmoja wa marehemu ndiye anayemnyonya, wakamshinikiza baba hadi akakubali makaburi yafunguliwe. Mercy, binti wa pili kufa, alikuwa amefariki Januari. Machi walimkuta hajaoza sana na moyo wake una damu, jambo lisilo la ajabu kwa mwili uliokaa kwenye baridi kali. Daktari aliyekuwepo aliona hali hiyo ni ya kawaida. Hata hivyo moyo na ini vilichomwa, na Edwin akanyweshwa majivu yake. Alikufa miezi michache tu baadaye. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa ametangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, miaka 10 kabla.

Tazama mashine inavyofanya kazi hapo: jirani mwenye huruma, baba aliyechoka kupingana na watu, mtaalamu anayesema ukweli na hakuna anayemsikiliza. Hao watatu waige.

Ukitaka kufukua kaburi kwenye hadithi yako, zijue dalili zilizowadanganya watu wa zamani. Gesi huvimbisha tumbo, marehemu akaonekana ameshiba. Majimaji meusi mekundu hutoka mdomoni na puani. Ngozi hunywea, kucha na ndevu zikaonekana zimekua. Mti ukichomekwa kifuani, gesi inaweza kupita kooni na kutoa sauti kama mguno. Waache watu wako wauone “ushahidi” huo kwa macho yao wenyewe.

Hatua ya 4: Jenga ngazi ya maamuzi

Hapa ndipo nusu ya muda wako unapaswa kwenda. Andika maamuzi matano hadi saba. Kila moja liwe dogo kiasi kwamba msomaji mwenyewe angelikubali, na kila moja lisiwezekane bila lililotangulia. Kwa mfano: wanakubaliana kuchangia kwa hiari. Wanatengeneza orodha ili pasiwe na ubishi. Anayeugua anaruhusiwa kupata mbadala. Mbadala anaruhusiwa kulipwa. Mwenye deni anaruhusiwa kulipa kwa zamu. Mgeni aliyelala usiku mmoja anahesabiwa kuwa mkazi.

Kosa la kawaida ni kuruka ngazi. Rasimu nyingi zinatoka kwenye orodha moja kwa moja hadi kumfunga mtu kamba, halafu mwandishi anashangaa kwa nini hakuna anayeogopa. Msomaji aliyerukishwa anasema “mimi nisingefanya hivyo” na anastarehe. Mzuie asistarehe. Angalia pia ngazi ya nne: pesa ikishaingia, kuna mtu anafaidika, na huyo hatataka vampaya aondoke. Mpande mtu huyo mapema, awe na ucheshi, awe msaidizi kwa kila mtu.

Hatua ya 5: Mpe kalamu katibu

Msimulizi akiwa mwathirika, msomaji anamhurumia na mambo yanaishia hapo. Akiwa kiongozi, anamchukia. Chagua mtu wa katikati, anayeandika orodha na kuamini kwamba yeye anaandika tu.

Lugha ya vikao itakufanyia kazi kubwa, kwa kuwa kitenzi cha kutendwa kinamficha mtenda. Jaribu kitu kama hiki:

“Kikao kilifunguliwa saa 10 jioni. Ilionekana kwamba mama wa nyumba namba 7 hana anayemtegemea. Ilipendekezwa zamu yake iwe kila wiki mbili. Hoja iliungwa mkono. Mengineyo: paa la ukumbi linavuja, fundi aitwe.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayouma. Usiifuate na maelezo yoyote. Hakuna aliyepaza sauti katika kikao hiki, na hakuna jina lililotajwa. Ukitaka kujua kama imekaa sawa, badilisha vitenzi kuwa vya kutenda: “Mwenyekiti alipendekeza tumnyonye.” Kama toleo hilo linakushtua kuliko la kwanza, la kwanza linaficha ipasavyo. Baadaye, karibu na mwisho, mruhusu katibu aandike kitenzi kimoja tu cha kutenda, chenye nafsi ya kwanza.

Hatua ya 6: Damu ionekane mara mbili

Mara ya kwanza, ya hiari, safi, yenye adabu. Mara ya pili, mahali pale pale, kwa vifaa vile vile. Zaidi ya hapo unatumia akiba bure.

Yanayoharibu rasimu

Vampaya anageuka mtakatifu. Ukimpa machozi na hekima, unamwondolea msomaji hatari, na watu wanabaki wakiwa na kosa la ujinga tu. Abaki mwenye njaa, abaki hatari, asiombe msamaha.

Mhusika anauliza kwa sauti ni nani hasa aliye mnyama hapa. Futa, hata kama ni sentensi unayoipenda kuliko zote.

Watu wote ni wabaya. Awepo mmoja anayekataa, na kukataa kwake kuwe na gharama ndogo ya aibu, kwa mfano kutosalimiwa. Gharama ikiwa kifo, wengine wanapata kisingizio.

Hatua ya 7: Jaribu rasimu bila vampaya

Nakili faili, kisha kwenye nakala futa kila tukio ambalo vampaya yumo kimwili. Soma kilichobaki. Kama hadithi imeanguka, rudi hatua ya 4, ngazi zako ni chache. Kama bado inasimama, una ruhusa ya mwisho mgumu kuliko yote: muue vampaya kurasa tatu kabla ya kumaliza, na zamu ya wiki ijayo ibandikwe kama kawaida. Utafanikiwa tu iwapo yule mcheshi wa hatua ya 4 tayari ana mahali pa kuipeleka damu hiyo, na msomaji amepaona mara moja kwa kupita, bila kujua alichokiona.