Kufunga kipoza oili cha maji kwenye Subaru ya rali, kwa sisi wa Mbeya na Iringa

Mwongozo huu ni wa injini ya EJ20 isiyo na tabo, ile iliyojaa kwenye Impreza tunazozigeuza kuwa gari za rali. Nyingi zenye tabo zilifungiwa kipoza oili kiwandani, na hicho chao ndicho tutakachokichukua. Nimeuandika baada ya kumsaidia dogo mmoja wa Uyole. Kufunga alifunga vizuri kabisa, halafu maji yakamtesa. Ndiyo maana hatua ya kutoa hewa ni ndefu kuliko nyingine zote.

Kipoza hiki hukaa kati ya bloku na filta. Upande mmoja inapita oili, upande wa pili maji ya rejeta. Asubuhi ya Julai maji yanapata moto mapema kuliko oili, kwa hiyo yanaipasha. Ukishaanza kukanyaga, oili inayapita maji kwa joto, nayo yanaivuta chini. Kile cha hewa kinachokaa mbele ya rejeta sikipendi kwa gari la vumbi. Barabara za msituni kule Sao Hill zina mawe, na sitaki hozi ndefu za oili yenye presha zikisubiri jiwe huko mbele. Isitoshe, kwa baridi yetu ya asubuhi, kile cha hewa kisipokuwa na thamostati yake (mlango unaofunguka kwa joto) oili inachelewa mno kuwa nyepesi. Mtu wa Dar anaweza kubishana nami, na kwa joto la kule namwelewa.

Ila elewa jambo moja kabla hujatoa hela: joto la oili halipotei, linahamia kwenye maji. Kama rejeta yako imeziba nusu, kipoza hiki kitakuletea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Hatua ya 1: Pima

Weka geji ya joto la oili kabla ya kununua kitu. Pandisha gari mlima wa Kawetere, barabara ya Chunya, kwa gia ya chini na mzigo wa kweli, uone sindano inaishia wapi. Oili ikibaki kati ya nyuzi 90 na 110, acha, nunua tairi. Ikizidi 120 na kuendelea kupanda, una sababu ya kuendelea kusoma. Dashibodi ya kawaida haikuonyeshi joto la oili, inaonyesha la maji tu, na hayo mawili hayafanani.

Hatua ya 2: Tafuta kipoza

Cha mtumba kutoka injini ya tabo kinatosha. Dai na ile bolti yake ndefu yenye tundu katikati, maana bila hiyo hakifungiki. Oringi kubwa nunua mpya. Ya zamani ukiitoa utaiona imekuwa bapa upande mmoja na ngumu kama kucha, na hiyo hairudi.

Muulize muuzaji injini ilikufa kwa nini. Ikiwa ilikufa kwa kugonga beringi za konrodi, na EJ nyingi za tabo zinakufa hivyo, usikichukue hata akikupa bure. Chembe za chuma hujificha ndani ya njia zile nyembamba. Utakisafisha kwa petroli, kwa dizeli, kwa hewa, kitaonekana kisafi, halafu siku ya mashindano kitazimwaga kwenye injini yako mpya. Asipojua ilikufaje, hesabu kwamba ilikufa hivyo.

Kisha kipime kama kinavuja ndani. Ziba tundu moja la maji, lingine lipe hewa ya kompresa kiasi cha baa 1.5 hadi 2, kizamishe kwenye ndoo na utulie. Mapovu yakitokea upande wa oili, hicho ni chuma chakavu. Ukifunga kinachovuja bila kukipima, injini ikiwaka oili itaingia kwenye maji kwa sababu presha yake ni kubwa zaidi, na ukizima, maji ya moto yenye presha yatarudi kwenye oili. Utafungua kifuniko cha oili ukute chai ya maziwa.

Hatua ya 3: Nyuzi za filta

EJ inatumia nyuzi za M20 x 1.5. Toyota nyingi zinatumia robo tatu ya inchi yenye nyuzi 16 kwa inchi, yaani milimita 19.05. Kwa macho hutazitofautisha. Filta ya M20 ukiipachika kwenye bolti ya Toyota itaingia, itazunguka, itaonekana imekaa, kumbe imeshika kwenye ncha za nyuzi tu. Usichanganye bolti, na ukinunua kipoza kisicho cha Subaru nenda na kalipa dukani.

Hatua ya 4: Funga

Mwaga oili, mwaga maji, toa filta. Safisha uso wa bloku mpaka ukipitisha kucha isikwame popote. Paka oringi oili mpya, weka kipoza, kaza bolti kwa toki (nguvu ya kukaza) ya 54 Nm. Matundu yake ya maji yaelekee mbali na ekzosi. Hakuna silikoni hapa. Ukiona fundi anachukua tyubu ya silikoni, mnyang'anye, kwa sababu kipande kitakachokatika ndani kitasafiri na oili.

Filta sasa itashuka chini zaidi kwa unene wa kipoza. Pima nafasi iliyobaki mpaka kwenye bamba la kukinga injini. Ikiwa bamba likigongwa na jiwe litaigusa filta, tafuta filta fupi au shusha bamba kwa washa.

Hatua ya 5: Njia ya maji

Wota pampu ya injini ya tabo ina mdomo mmoja wa ziada, na mdomo huo ni wa kipoza oili. Ifunge hiyo. Maji yatatoka pampu yakiwa yametoka rejeta muda huohuo, yatapita kwenye kipoza, yatarudi kwenye bomba la chini linaloleta maji ya hita. Rudisha kwa T ya shaba au alumini. Ya plastiki sitaki kuiona kwenye gari la rali.

Wapo wanaokata mpira wa hita na kukiweka kipoza katikati yake. Kinafanya kazi, lakini siku mtu akiifunga hita, kipoza nacho kinakosa maji, na hakuna taa itakayokuambia.

Tumia mpira wa hita, usitumie wa petroli. Mpira wa hita unavumilia maji ya moto na kulanti (dawa ya rejeta) miaka mingi, lakini oili ya injini unaichukia: unavimba na kulegea. Kwa hiyo kila ukibadilisha filta, funika mipira hiyo kwa tambara. Na iende bila kuunda kilima katikati, kwa sababu kilima ni nyumba ya hewa. Hapo ndipo tunapofika kwenye kazi yenyewe.

Hatua ya 6: Kutoa hewa

Dogo aliniambia hivi kwenye simu: "Fundi, nimejaza maji mpaka yamemwagika, lakini sindano inapanda, inashuka, inapanda tena."

"Umeijaza rejeta, dogo. Injini bado ina hewa."

Thamostati ya EJ haipo juu kama ya Toyota nyingi. Ipo chini, mlangoni mwa pampu, upande maji yanapoingia. Injini ikiwa ya baridi mlango huo umefungwa. Ukimimina maji kwenye rejeta yanajaa rejeta, yanasimama, nawe unafurahi. Ndani ya bloku na hedi mbili zilizolala ubavu kuna hewa tupu. Kwa hiyo:

Inua mbele ya gari, weka kwenye stendi, usitegemee jeki. Kifuniko cha rejeta kiwe mahali pa juu kuliko kila kitu. Chomoa mpira wa juu upande wa rejeta, elekeza mdomo wake juu, umimine mchanganyiko wa maji na kulanti humo taratibu mpaka injini ikatae. Hapo umejaza injini yenyewe. Rudisha mpira, ndipo ujaze rejeta. Kama rejeta yako ina ile skrubu ndogo ya plastiki juu, ilegeze mpaka itoe maji bila povu, uifunge kwa vidole tu, maana inakatika kwa urahisi.

Weka funeli inayobana vizuri kwenye mdomo wa rejeta, maji yafike nusu ya funeli. Hita iweke kwenye moto wa mwisho, feni yake polepole. Washa. Iache silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, mpaka ipate moto, huku ukibonyeza mpira wa chini na wa juu kwa glavu. Utaona vipovu vidogo, kisha kimya, kisha povu moja kubwa linapanda na maji yanashuka ghafla kwenye funeli. Ongeza. Pandisha mizunguko hadi 2,500, shikilia kidogo, achia. Endelea mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili, na hita itoe hewa ya moto hata injini ikiwa silensa. Hita ikitoa moto ukikanyaga tu, na baridi ukiachia, bado kuna hewa. Zima, acha ipoe kabisa, fungua, ongeza. Kesho yake asubuhi angalia tena kabla ya kuwasha.

Gari la dogo lilikataa hata baada ya haya yote. Tulirudia, tukalitega ubavu, tukabadilisha kifuniko, tukaanza hata kuisingizia gasketi ya hedi. Mwisho nikaweka mkono kwenye mipira miwili ya hita pale inapoingia ndani ya gari. Yote baridi. Nikafuata mpira mmoja kwa kidole mpaka chini ya manifodi ya hewa, nikakuta bolti ya namba 17 imesokomezwa ndani na klipu juu yake. Gari lilitokea pwani, na huko nani anahitaji hita? Kuna karakana iliyoona ni rahisi kuziba kuliko kutengeneza hita inayovuja.

Kwenye EJ, maji ya hita ndiyo hasa yanayoipelekea thamostati habari kwamba injini imepata moto. Ukiyaziba, thamostati inakaa kwenye maji ya baridi huku hedi zinachemka. Inachelewa kufunguka, ikifunguka inamwagiwa maji baridi ya rejeta, inafunga tena. Hiyo ndiyo sindano ya kupanda na kushuka. Kipoza hakikuwa na kosa, ila na chenyewe kilikuwa kinamwaga maji yake kwenye bomba lilelile. Kama hita inavuja, unganisha mipira yake miwili kwa kipande cha bomba, maji yazunguke. Kuziba hapana.

Mambo mengine ya hatua hii hii:

Thamostati iwepo. Najua wengi wetu tukiona gari linachemsha, cha kwanza ni kuitoa. Ukiitoa kwa hali ya hewa ya Mbeya, maji hayapati moto, na kipoza chako kitakuwa kinaipoza oili ambayo bado haijafika popote. Weka halisi, inayoanza kufunguka karibu nyuzi 78.

Kifuniko cha rejeta kiwe kipya. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94. Feni ya Subaru huwaka karibu 95. Hesabu mwenyewe: kifuniko kisichoshika presha kinamaanisha maji yanachemka kabla feni haijaamka. Cha baa 0.9 kikiwa kizima kinayafikisha maji zaidi ya nyuzi 110 kabla hayajachemka.

Kulanti changanya nusu kwa nusu na maji ya betri. Maji ya mtoni yanaacha magadi ndani ya kipoza, na njia zake ni nyembamba.

Mapovu yasipokwisha kabisa, yakija kwa mpangilio na kunuka moshi, acha kutoa hewa. Hiyo ni gasketi ya hedi, na ni mwongozo mwingine.

Hatua ya 7: Oili na jaribio

Jaza oili, chomoa waya wa sensa ya krenkshafti ili injini isiwake, piga stata mpaka taa ya oili izime, kisha rudisha waya na uwashe. Zima, subiri kidogo, soma dipstiki na uongeze, maana kipoza nacho kimechukua chake. Chungulia chini kwa tochi.

Rudi Kawetere, mlima uleule, gia ileile. Oili inapaswa kutulia nyuzi 10 hadi 20 hivi juu ya maji. Ikiwa oili imeshuka lakini maji sasa yanapanda, rejeta imeshindwa mzigo mpya, kaioshe au tafuta ya matundu mapana zaidi. Ikiwa maji yametulia na oili bado iko 130, shika mipira miwili ya kipoza kwa glavu: ule wa kurudi ukiwa baridi wakati wa kuingia ni wa moto, maji hayapiti.

Klipu kaza tena injini ikiwa imepoa, baada ya safari ya kwanza na kabla ya kupakia gari kwenda Iringa. Zile za skrubu hulegea mpira ukishapata moto mara chache. Za springi hazilegei, na mimi natumia hizo.