Boga la Halloween lisioze kabla ya siku yake

Halloween, sherehe ya nchi za Magharibi ambapo boga huchongwa sura ya mtu na kuwekwa taa ndani, ni Oktoba 31, kwa hiyo boga lichonge tarehe 28 au 29. Likishatobolewa, kuvu huanzia ndani. Kata kifuniko huku kisu kimelala kuelekea katikati. Ukikata wima, kifuniko kitatumbukia ndani. Kwangua nyuzi zote kwa kijiko cha chuma mpaka upande wa uso ubaki unene wa sentimita 2 hadi 3, la sivyo kisu hukwama na mwanga hautoki vizuri. Macho kwanza, mdomo mwisho. Kingo zipake mafuta ya mgando zisinyauke haraka. Ndani weka taa ya betri, maana mshumaa hulipika boga. Mbegu usitupe, zikaange na chumvi. Waayalandi wa zamani walichonga tanipu, mboga ya mzizi, badala ya boga. Hiyo ndiyo kazi!