Ukichora sura ya mtu, mwache kwanza asahau kwamba anachorwa

Kwa wenzangu mnaochora watu kwa penseli: usianze kazi yenyewe mtu akishakaa tu. Dakika kumi za mwanzo anakupa sura ya picha ya kitambulisho. Mpigishe stori, huku mkono ukichora harakaharaka vitu vya kutupa.

Juzi pale Soko la Majengo nilimchora mama mmoja anayeuza zabibu. Alitabasamu muda wote, na mchoro ukatoka mzuri lakini hauna mtu ndani. Nikamuuliza mvua za mwaka huu zimewatendeaje shambani. Mdomo ukabaki unatabasamu, ila nyusi zikapanda upande wa ndani, na kidole gumba kikaanza kusugua ukingo wa beseni, taratibu, kwenda na kurudi. Nikageuza karatasi, nikaanza upya na zile nyusi. Binti yake alipouona alinyamaza kidogo, akasema, "Huyu sasa ndiye mama."

Kwa hiyo amini macho kuliko mdomo. Daktari Mfaransa Duchenne alieleza tangu 1862 kwamba tabasamu la furaha ya kweli hukaza msuli unaozunguka jicho, na huo si rahisi kuuamuru. Ngozi ya chini ya jicho ikiwa imelegea, iache hivyo. Usiongeze mikunjo ya furaha ili kumpendezesha mtu.

Jua la saa sita la hapa Dodoma likwepe, kila mtu anakunja uso. Kivuli cha mwarobaini saa kumi jioni na penseli ya 2B, ile laini yenye weusi kiasi, vinatosha. Na mikono msiiache, jamani, ichoreni.